Vikombe vya Oili

Ukifika Igoma na kumuulizia Seif Nurudin, watu watakuuliza, "Seif yupi?" Ukisema Seif fundi, wataendelea kukuna vichwa, maana Igoma mafundi ni wengi kuliko magari mazima. Lakini ukisema Seif wa oili, hata muuza mihogo atakuelekeza, na atacheka kidogo kabla ya kunyoosha kidole.

Kicheko hicho Seif ameishi nacho tangu akiwa kijana mwenye nywele. Sasa hana nywele, na kicheko bado kipo. Kila asubuhi jirani yake Chenge, mwenye duka la misumari na mabati, hupita mbele ya gereji akienda kufungua duka. Hasalimii. Hasemi habari za asubuhi wala umeamkaje. Husema, "Seif, oili umeweka?" kisha huendelea na safari yake, ameridhika kama mtu aliyekwisha kunywa chai.

Na Seif hujibu, "Nimeweka, Chenge." Hujibu hivyo hivyo kila siku, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi.

Si fundi mbovu. Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Injini za mashine za kukoboa mpunga kutoka Magu huletwa kwake zikiwa zimekata tamaa, naye huzirudisha zikiimba. Wavuvi humletea injini za mitumbwi zilizokunywa maji ya ziwa. Baba yake alikuwa fundi bati, mjukuu wa Mwarabu mmoja aliyekuja Mwanza na mzigo wa chumvi akaoa Usukumani na kusahau kurudi, na kutoka kwa baba huyo Seif alijifunza kukata na kulehemu bati kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mikono yake ina akili. Tatizo lake ni siku moja tu.

Siku hiyo ilikuwa ya mashindano ya magari, ya kwenda Musoma na kurudi. Farouk, tajiri wa malori ya pamba, alikuwa na gari dogo jekundu la mashindano ambalo mji mzima uliliita Kiberiti. Seif ndiye aliyekuwa fundi wake. Farouk mwenyewe aliendesha, na Chenge ndiye aliyekaa kiti cha pembeni akisoma ramani. Asubuhi Kiberiti kiliondoka kikinguruma, watoto wakakikimbilia hadi wakaishiwa pumzi. Kilipofika karibu na Magu, kwenye ile kona ndefu iliyopita mashamba ya pamba, injini ilinoki. Ilikauka, ikajing'ata yenyewe, ikasimama.

Gari lilivutwa na lori hadi mjini. Walipolifikisha, Chenge alichomoa kijiti cha kupimia oili mbele ya watu. Kilikuwa kikavu. Seif alilala chini ya gari akaona sampu, lile bakuli la chini linaloweka oili, limepasuliwa na mawe lilipokuwa linaburutwa. Akasema oili imemwagika njiani. Lakini aliyesema alikuwa chini ya gari, na Chenge alikuwa amesimama juu akiwa na kijiti kikavu mkononi. Mnajua watu wanamwamini nani.

"Huyu hakuweka oili," Chenge alisema. "Gari limeondoka na vile vikombe vyetu tu."

Hapo sina budi kueleza vikombe. Mama yake Farouk alikuwa na desturi kwamba mtu wake akisafiri lazima amtilie kitu mkononi, hata ndizi. Gari lilipoanza kwenda mashindanoni, bibi huyo alisema nalo ni mtu wake, na kwa kuwa halina mkono, alilimiminia kikombe kidogo cha oili. Kiberiti kikashinda siku hiyo. Basi ikawa ada. Kila mashindano, kabla boneti haijafungwa, bibi anamimina kikombe chake. Baadaye akamimina na Farouk, kisha mke wa Farouk. Kwa safari ile kubwa ya Musoma alijitokeza kila aliyejiona ana haki: mashangazi, madereva wa malori, majirani, Chenge mwenyewe na kopo tupu la maziwa alilolijaza oili. Wa mwisho alikuwa Moza, binti mdogo wa Farouk, aliyenyanyuliwa juu ili afikie tundu, akamimina kwa mikono miwili huku amebana ulimi kwa meno.

Farouk hakumtukana Seif. Ingekuwa afadhali. Alilipeleka gari ghalani, akalifunika turubai, na hakumpa Seif kazi tena, hata ya lori. Wakikutana msikitini alimpa mkono na kuangalia pembeni. Akafa hivyo, miaka mingi baadaye, kwa kisukari, na Seif akabeba jeneza lake akiwa na neno kooni.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba mtu ukiulizwa swali moja kila asubuhi kwa miaka na miaka, unaanza kujiuliza mwenyewe. Mwanzoni Seif alikuwa na hakika. Alijiona kabisa akilifungua debe jipya, akimimina, akipima. Kisha picha ile ikaanza kufifia. Je, ilikuwa asubuhi ile au ya mashindano mengine? Akiwa na wajukuu tayari, alifika mahali ambapo hakujua tena. Alimwambia mkewe, Maulida, peke yake, "Huenda kweli sikuweka." Maulida akamwambia aache upuuzi. Haukuwa upuuzi. Mtu asiyejua kama alikosa au hakukosa hana hata pa kutubia.

Sasa njoo huku kwetu leo. Moza ni mwanamke mzima, ana duka la nyavu na kamba pale mjini, na sauti yake wateja huisikia kabla ya kumwona. Mwaka huu watu wenye magari ya kale walitangaza kukutana Usagara na kushindana kwenye barabara ya vumbi, kwa kuwakumbuka madereva wa zamani. Moza alifungua ghala, akatoa turubai, akapakia Kiberiti kwenye lori na kukishusha mbele ya gereji ya Seif.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Seif alikuwa amesimama na spana mkononi. Hakuwa ameliona gari lile tangu lilipofunikwa. "Umekosea gereji."

"Sijakosea."

"Mjini kuna mafundi."

"Nimewapitia. Mmoja ameniambia nilifanye banda la kuku. Baba mdogo, mimi nataka kuliendesha mara moja tu, pale Usagara, watu waone gari la baba linatembea. Baadaye hata likikaa ndani sina neno."

Seif alitaka kukataa. Maulida, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho waume wote wanakifahamu. Basi akakubali.

Alipoipasua injini aliona balaa lilivyo. Krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, ulikuwa umekwaruzika vibaya, na ulishasagwa mara moja zamani. Fundi wa mashine za kuchonga vyuma aliusaga tena, akasema ndio mwisho. Chuma kilichobaki hakina cha kusagwa. Na krenki ya gari lile haitengenezwi tena popote. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikinoki tena, Kiberiti kimekwisha, na itakuwa imenoki mara mbili mikononi mwa mtu yuleyule. Seif aliota hilo usiku akaamka shati limelowa.

Akaunga kila kitu kwa mkono wa pole. Beringi mpya, yaani zile bati laini ambazo krenki huzunguka juu yake, alizipata kwa taabu. Akafunga geji ya kuonyesha nguvu ya oili, kubwa, pale mbele ya kiti cha pembeni, ili aitazame mwenyewe. Wakatoka na Moza hadi njia za vumbi nje ya Usagara kujaribu.

Moza aliendesha kama baba yake, yaani vibaya kwa roho ya abiria. Kwenye njia iliyonyooka mshale wa geji ulisimama pazuri. Walipoingia kona ndefu ya kushoto, mshale ukaanguka.

"Zima! Zima!" Seif alipiga kelele, na Moza akazima gari likiwa bado linakwenda, likajikokota hadi kwenye majani.

Ng'ombe wa mtu waliwatazama.

"Ni nini?" Moza aliuliza.

"Oili inakimbilia upande mmoja ukikata kona. Pampu inabaki inavuta hewa. Hewa hailainishi chuma."

Hilo alilijua, na dawa yake ilikuwa kwenye damu. Alishusha sampu, akakata bati, akajenga ndani yake kuta fupi zenye vimilango vidogo vya bawaba, vinavyofunguka kuelekea kwenye mdomo wa pampu na kujifunga oili ikitaka kutoroka. Alilehemu kazi hiyo akiwa na furaha ambayo hakuionyesha, kwa kuwa baba yake alikuwa akitengeneza vimilango vya namna ileile kwenye mabanda ya njiwa. Akairudisha sampu na kujaza oili.

Walirudi Usagara. Kwenye kona mshale ulitikisika tu, ukasimama. Moza alipiga usukani kwa shangwe. Lakini walipotoka kwenye kona na kukanyaga mafuta njia nzima, mshale ulianza kutetemeka, ukashuka kidogo, ukashuka tena, bila kona yoyote. Na kioo cha mbele kikaanza kufanya ukungu. Moza aliwasha vipangusio, navyo vikaupaka ule ukungu kioo kizima hadi barabara ikapotea.

"Simama," Seif alisema taratibu.

Alishuka akapitisha kidole juu ya kioo, akakinusa. Oili. Ilikuwa inapuliziwa kutoka kwenye bomba la kupumulia la injini na kupenya kwenye nafasi za boneti.

"Baba alinisimulia hii," Moza alisema akifuta kwa khanga. "Alisema siku ile ya Magu kioo kilichafuka njia nzima, wakawa wanaendesha kama wamepita jikoni kwa muuza chipsi. Mzee Chenge alivua shati kabisa, akawa anatoa mkono dirishani anafuta."

Seif alifungua boneti, akachomoa kijiti injini ikiwa bado ya moto. Oili haikuwa nyeusi wala ya dhahabu. Ilikuwa imepauka, imejaa vitone vidogo vya hewa, mfano wa uji unaotaka kuchemka. Na ilikuwa imepanda juu ya alama. Juu sana.

Aliitazama alama ile kwa muda mrefu. Nani aliyejaza? Yeye. Kwa nini alijaza kupita alama? Kwa sababu hujaza kupita alama kila injini inayopita mikononi mwake, tangu siku ile. Mashine za mpunga humwaga oili chini, wavuvi humlalamikia moshi, naye huwaambia ni bora izidi. Hakuwahi kujiuliza nani aliyemfundisha hivyo. Ilikuwa sauti ya Chenge iliyokuwa ikimimina, kila siku, kwa mkono wake. Na hapa, kwenye injini ya mbio inayozunguka kwa kasi ya wazimu, oili iliyozidi ilikuwa inaifikia krenki, nayo krenki inaipiga kama mwiko unavyopiga mayai, inageuka povu. Pampu inavuta povu. Povu ni hewa tu iliyovaa nguo.

Walipunguza palepale njiani, ndani ya dumu, hadi kwenye alama. Wakasubiri povu litulie, wakaondoka. Mshale ukasimama kwenye kona, ukasimama kwenye njia iliyonyooka, ukasimama kama askari wa gwaride hadi waliporudi. Moza alikuwa anaimba. Seif alikuwa anatazama nje, upande wa dirisha, ili binti wa watu asione macho yake.

Kwa maana alikuwa ameshaunganisha. Injini isiyo na oili haichafui kioo. Haina cha kutema. Siku ile ya Magu alikuwa ameweka oili, aliiweka sawasawa, hadi kwenye alama. Kisha wakaja wao na vikombe.

Aliporudi nyumbani alimweleza Maulida. Alimweleza akitembea, mara akae, mara ainuke, akicheka na kujifuta uso.

"Kamwambie Chenge sasa hivi," Maulida alisema. "Kamwambie akiwa dukani, wateja wasikie."

"Nikisema vikombe, nimesema na cha Moza."

"Alikuwa mtoto."

"Ndiyo. Na baba yake alikufa akilia na gari lile. Unataka nimwambie nini? Kwamba yeye mwenyewe aliliaga kwa kikombe likafa?"

Maulida akasema, "Kwa hiyo wewe utaendelea kuwa Seif wa oili."

"Mimi nimeshajua," Seif alisema. "Zamani nilikuwa sijui. Inatosha." Alisema hivyo akiamini, na mimi namsifu, ingawa nadhani alikuwa anajidanganya. Jambo kama hilo halimtoshi mtu akiwa peke yake.

Siku ya Usagara ilifika. Magari ya kale yalipangwa kwenye uwanja, mengine yakiwa na kutu zaidi ya rangi, wenye nayo wakiyafutafuta kama maharusi. Watu walijaa. Chenge alikuwepo, amevaa kofia yake ya enzi zile za ramani, akisimulia kwa kila aliyekuwa na masikio. Seif alipima oili ya Kiberiti mara ya mwisho. Ilikuwa kwenye alama. Akaanza kushusha boneti.

"Bado, baba mdogo!" Moza alikuja akikimbia. Mkononi alikuwa na kikombe kidogo cha bati kilichochubuka, na nyuma yake shangazi zake wawili, na madereva wastaafu, kila mmoja na chake. "Cha bibi hiki. Nimekitafuta nyumba nzima."

Seif aliweka kiganja juu ya tundu la oili.

"Hapana, mwanangu."

Moza alidhani ni utani. "Toa mkono, bwana. Gari haliondoki hivi hivi."

"Litaondoka hivi hivi."

"Baba mdogo, hii ni ada ya nyumbani kwetu! Wewe ni nani wa kuikataza?" Sauti yake ilipanda, na watu wakageuka. "Kwa oili, wewe kati ya watu wote!"

Ilimchoma. Shangazi mmoja alitazama chini. Chenge alisogea, akanusa jambo la kufurahisha, na kwa mazoea tu, wala si kwa ubaya mkubwa, akatamka, "Seif, oili umeweka?"

Watu wakacheka. Seif hakujibu "Nimeweka, Chenge." Kiganja chake kilibaki pale juu ya tundu, naye alikuwa akimtazama Moza tu, macho ya mtu anayeomba asilazimishwe kusema.

Na Moza akaona. Si mjinga yule. Alikuwa kwenye usukani siku ile ya povu. Alitazama kikombe chake. Alitazama vikombe vya shangazi zake. Alitazama kile kiganja. Uso wake ulibadilika polepole, ukarudi utotoni kabisa, ukafika mahali fulani ambapo mtu alikuwa amemnyanyua juu ili afikie.

"Ilikuwa kwenye alama," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile. Uliijaza hadi kwenye alama."

Seif akatikisa kichwa kukubali.

Moza alisimama hapo kidogo, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akageuka.

"Mzee Chenge. Siku ile ya Magu ulivua shati ukafuta kioo njia nzima. Kilichafuka na nini?"

"Na oili," Chenge alisema kwa kujigamba, kwa kuwa hicho ni kipande anachokipenda katika simulizi yake. "Oili tupu! Shati langu lilikwisha pale pale. Nilifuta mpaka mkono—"

Mdomo ulibaki wazi. Aliisimulia habari ile ya shati maisha yake yote, kwenye misiba na harusi, na habari ya kijiti kikavu vilevile, na hakuwahi hata siku moja kuziweka mbili hizo meza moja.

"Injini isiyo na oili," Moza alisema, "ilitoa wapi oili ya kuharibu shati lako?"

Hakuna aliyecheka. Moza akakimimina kikombe chake ndani ya dumu, taratibu, hadi tone la mwisho. Shangazi zake wakafuata. Kisha akamfungulia Seif mlango wa upande wa ramani, akasema, "Panda, baba mdogo. Mtu wa kuangalia mshale ni wewe."

Hawakushinda. Waliposhika kona ndefu, gari lililokuwa mbele liliwaachia vumbi lote la Misungwi. Lakini walimaliza, na injini iliwarudisha ikinguruma mbele ya watu.

Kesho yake asubuhi Seif alikuwa ameinama juu ya injini ya mtumbwi. Alisikia hatua za Chenge zikija kama kawaida, na mabega yake, bila kuamriwa, yakajikaza kulipokea swali. Hatua zikasimama.

"Habari za asubuhi, fundi," Chenge alisema.

Seif aliinuka na spana mkononi. Alifungua mdomo, na jibu likamkosa. Lililokuwa tayari ulimini ni lile la zamani. Ikabidi alitafute lingine, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

"Nzuri," alisema hatimaye. "Nzuri, Chenge. Za kwako?"